Mpaka Uwekwe Kabla ya Kujaa: Kisa cha Fundi Cherehani Mwepesi wa Kuhisi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya washauri nasaha, viongozi wa vikundi vya akina mama na yeyote anayeishi na mtu ambaye kelele, harufu na shida za wenzake humwingia haraka kuliko wengine. Mhusika ameridhia kitumike. Jina, mji na baadhi ya mambo ya familia yameondolewa au kubadilishwa ili asitambulike.

Usuli

Bi. K. ni fundi cherehani katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Ana miaka thelathini na kitu, ameolewa, na anashonea katika chumba cha mbele cha nyumba wanayopanga. Mlango wa chumba hicho unafungukia barazani. Ndani mna cherehani ya miguu, ovaloki ya umeme, meza ya kukatia, pasi, na mkeka ambao wateja hukaa wakisubiri. Mpangaji wa chumba cha pili ni kijana mwenye sabufa, na ukuta wake umepakana na chumba cha kulala cha Bi. K.

Tangu utoto wake aliambiwa ana moyo mwepesi. Husikia msiba wa mtu asiyemjua akalia. Akikaa penye udi mwingi kichwa humgonga, na mtu akiingia chumbani ana hasira, yeye hujua kabla hajafungua mdomo. Sifa hizohizo ndizo zilizompa jina kazini. Huona mshono uliopinda kidogo mno kiasi kwamba mwenye nguo hauoni, hukumbuka mteja gani hapendi shingo ya kubana, na bibi harusi akisema "nimeipenda" hali moyoni hajaipenda, Bi. K. hulijua hilo na kufumua bila kuambiwa.

Tabia hii ya wepesi wa kuhisi imefanyiwa utafiti. Mwanasaikolojia wa Marekani Elaine Aron ndiye aliyeanza kuieleza kitaalamu katika miaka ya 1990, na mwaka 1997 yeye na mumewe Arthur Aron walichapisha dodoso la maswali 27 la kuipima. Aron alikadiria kwamba asilimia 15 hadi 20 ya watu wanayo kwa kiwango cha juu. Tafiti za baadaye zimeweka kundi hilo karibu na asilimia 30. Si ugonjwa, na haimo katika orodha za magonjwa ya akili. Ni namna mfumo wa fahamu unavyopokea na kuchambua mambo kwa kina, na gharama yake ni kuchoka mapema pale mambo yanapokuja mengi kwa pamoja.

Yaliyotokea

Kuanzia Shaabani kazi za Idi zilianza kumiminika. Wateja waliingia tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi baada ya Isha, na hawakuja na vitambaa tu. Walikaa mkekani wakaeleza habari za waume, mikopo ya vikoba, mgonjwa aliyelazwa. Wifi yake, mfanyabiashara sokoni, alikuwa akimwachia watoto wawili wadogo kila asubuhi saa mbili na kuwafuata jioni. Jambo hilo halikuwahi kupangwa. Lilianza na dharura ya siku moja, likageuka mazoea. Usiku saa tatu mama yake mzazi, aliye mkoa mwingine, alipiga simu, na simu hiyo ilikwenda dakika arobaini au saa nzima, sehemu kubwa ikiwa ugomvi wa ndugu.

Katika muda wote huo Bi. K. hakumwambia mtu yeyote kwamba amezidiwa. Alitabasamu na kupokea.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani alikata kitambaa cha mteja kwa vipimo vya mteja mwingine. Mwenyewe alikuja juu. Kabla hawajamalizana, mtoto wa wifi alivuta waya wa pasi, pasi ikaanguka hatua moja kutoka alipokuwa. Wifi alipofika kuwachukua, Bi. K. alimpigia kelele mbele ya wateja: "Mimi si yaya wenu!" Akafunga mlango. Kwa siku mbili hakupokea simu. Mume akawaambia ndugu kuwa mkewe anaumwa. Wifi akawaambia wengine kuwa ana kiburi. Baada ya Idi alikwenda zahanati kwa ajili ya kichwa na kukosa usingizi, na muuguzi wa pale akamwelekeza kwa mshauri nasaha.

Watu wa nyumba ile hawakuwahi kusikia "hapana" kutoka kinywani mwake. Waliposikia ya kwanza ilikuwa kelele, kwa hiyo waliichukua kama tusi na si kama taarifa.

Hatua za mwanzo: kujua kinachojaza

Mshauri hakuanza na mipaka. Alianza kwa kuuliza usingizi, hamu ya kula, huzuni iliyodumu zaidi ya wiki mbili, mawazo ya kutaka kufa, hofu isiyo na sababu, na kama kuna kipigo nyumbani. Zahanati walimpima shinikizo la damu na wingi wa damu. Hatua hii isirukwe. Mwenye sonona naye huchoshwa na watu, na mwenye kipandauso huumizwa na mwanga, harufu na kelele. Hao wanahitaji tiba kwanza. Kwa Bi. K. hakikupatikana chochote kati ya hivyo, na kichwa kilitulia siku asizokuwa na wageni. Kama kungekuwa na kipigo au vitisho, mpango wote huu wa upole ungewekwa kando na njia ingekuwa dawati la jinsia polisi au ofisi ya ustawi wa jamii. Kumfundisha mtu anayepigwa aseme kwa upole ni kumwongezea hatari.

Kisha akapewa daftari la siku saba lenye safu tatu: saa, kilichotokea, mwili umesemaje. Maneno mawili matatu yanatosha kila mara. Daftari lilionyesha mambo mawili ambayo yeye mwenyewe hakuyategemea.

La kwanza ni mpangilio wa dalili. Kujaa kwake kulianza mikononi: namba ya futi kamba haikai kichwani, anapima kiuno, anaandika, anapima tena kilekile. Baadaye taya hukaza na mabega hupanda. Halafu sauti ndogo, kama kijiko kugonga sufuria, huanza kumuuma. Mwisho ni kulia au kufoka. Kati ya kupima mara mbili na kufoka kulikuwa na muda wa saa mbili hivi. Huo ndio muda wa kufanya kitu. Baada ya hapo hakuna sentensi ya upole itakayotoka.

La pili, aliamini adui yake ni sabufa ya jirani. Daftari likasema ni saa kumi hadi kumi na mbili jioni, ambapo watoto, wateja wanaofuata nguo na chungu cha jikoni hukutana.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupunguza visivyo na mwenyewe kabla ya kumwomba binadamu yeyote chochote. Taa ya tyubu iliyokuwa ikipepesa ilibadilishwa. Vitambaa vipya vyenye harufu kali ya rangi vilianza kuanikwa nje siku nzima kabla ya kushonwa. Kazi ya ovaloki, yenye kelele kuliko zote, ilikusanywa ifanywe kwa mkupuo mmoja asubuhi badala ya kidogokidogo kutwa. Hatua hizi hazina lawama, hazihitaji ruhusa, na humpa mtu nguvu kidogo za kukabili zile ngumu.

Pili wakaja wateja, kwa sababu ndiko ambako kukosea hakuvunji udugu. Alibandika karatasi mlangoni:

*Kupima na kupokea vitambaa: saa tatu asubuhi – saa saba mchana.*
*Kuchukua nguo: saa nane – saa tisa na nusu alasiri.*
*Ijumaa hatupokei.*

Saa za kuchukua nguo zilisogezwa kwa makusudi zitoke katika ule msongamano wa jioni. Mkeka nao ukaondolewa, likawekwa benchi fupi barazani. Mkeka humwambia mtu "jinyooshe". Benchi humwambia asubiri.

Kwa mteja anayeanza kumwaga ya moyoni, aliandaa majibu mawili. La wale ambao kweli anataka kuwasikiliza: "Dada, jambo lako ni zito na nataka nikusikilize vizuri. Nikishika mkasi huku nakusikia nitaharibu nguo yako. Njoo Jumatano baada ya alasiri." La wengine: "Mungu akufanyie wepesi, dada yangu. Nguo yako Alhamisi itakuwa tayari." Na papo hapo anasimama, anamsindikiza hadi ngazi za baraza. Kusimama ndiko kunakofanya kazi zaidi ya maneno. Kumsindikiza mgeni ni heshima, na mtu aliyesindikizwa haondoki akiona amefukuzwa. Alifanya mazoezi ya sentensi hizo kwa sauti, akiwa peke yake, mpaka zikatoka bila "samahani" ya kuzitangulia.

Tatu, mama. Hapa Bi. K. alikataa kabisa wazo la kumwekea mama yake mpaka, na alikuwa na haki. Badala yake mwelekeo wa simu uligeuzwa. Akawa anapiga yeye, kila siku saa kumi na nusu, akianza na shikamoo na kumwuliza hali kwa utulivu, na dakika ishirini zikikaribia anasema: "Mama, naingia jikoni. Kesho saa hizihizi nitakupigia." Usiku simu inazimwa sauti. Mama alipata simu ya uhakika badala ya kumvizia bintiye akiwa amechoka, na ndani ya wiki mbili akaacha kupiga usiku. Kwa maoni yangu huu ndio mpaka bora kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu aliyewekewa alipokea zaidi ya alichonyang'anywa.

Nne, wifi.

Ujumbe ulioharibu

Mpango ulikuwa kumsubiri wifi hadi wiki ya nne, aende na mume. Wiki ya pili, baada ya siku mbaya, Bi. K. alichukua simu saa tano usiku akaandika ujumbe mrefu wa WhatsApp. Ulikuwa na "samahani" sita na sababu nne: kichwa, mkasi, wateja, na bei ya maziwa ya watoto.

Wifi alijibu sababu moja baada ya nyingine. Kichwa kinauma kwa sababu huli. Mkasi uweke juu ya kabati. Maziwa nitaleta mwenyewe. Kisha akausambaza ujumbe wote katika kundi la familia, na asubuhi mama mkwe akampigia mwanawe: "Mkeo amewafukuza wajukuu zangu."

Kilichoharibu hapa si ukali, maana ujumbe ulikuwa mpole mno. Kila sababu iliyotolewa iligeuka mlango wa majadiliano. Samahani sita zilionyesha kwamba mwandishi mwenyewe anaona anakosea. Maandishi hayana sauti wala uso, na husomwa na watu ambao hayakuandikiwa. Na uliandikwa katika hatua ya tatu ya kujaa, ile ya kijiko na sufuria. Mtu mwepesi wa kuhisi huvutwa na ujumbe wa maandishi kwa sababu humwepusha na uso wa mtu aliyeumia. Kwa mteja na kwa ratiba unafaa. Kwa ndugu wa mume, haufai.

Kurekebisha kulichukua hatua tatu. Mume alizungumza na dada yake kwanza, kwa sharti asiseme "mke wangu hataki" bali "tumekubaliana mimi na yeye". Tofauti hiyo ndogo ilimtoa Bi. K. mbele ya mkuki. Pili, aliombwa shangazi wa mume, mtu ambaye pande zote humsikiliza. Tatu, Jumapili moja walikwenda kwa wifi, Bi. K. akiwa na gauni na kaptula alizowashonea watoto.

Akaomba radhi kwa jambo moja tu. "Wifi, nilikupigia kelele mbele za watu. Hapo nilikukosea, nisamehe." Akanyamaza mpaka wifi akasema yake yote, na yalikuwa marefu. Ndipo akaongeza: "Watoto wako ni wangu. Jumamosi nitakaa nao tangu saa tatu hadi saa saba, niwapikie. Siku za kazi pasi na mkasi viko chini, siwezi kuwaangalia wakawa salama. Tuanze mwezi ujao, ili upate nafasi ya kujipanga."

Wifi akauliza, "Na dharura?"

"Nipigie kabla ya saa moja asubuhi. Nikiweza nitakwambia, nisipoweza nitakwambia."

Shangazi akataja jirani anayelea watoto kwa malipo, na mazungumzo yakahamia kwenye bei. Kuomba radhi kwa ile kelele bila kuomba radhi kwa mpaka wenyewe ni kazi ngumu kwa watu wa aina ya Bi. K.; huelekea kuvifunga viwili hivyo katika samahani moja, na mpaka ukaondoka pamoja na kosa.

Mpaka ulipojaribiwa

Mwezi mpya ulipoanza, wifi alileta watoto siku ya kazi bila kupiga simu. Bi. K. aliwapokea. Wiki iliyofuata wakaja mara tatu. Mara ya tatu alimkaribisha wifi barazani, akampa chai, akasema sentensi ileile ya Jumapili, bila kuongeza sababu mpya: siku za kazi pasi na mkasi viko chini. Watoto hawakuingia ndani. Wifi aliondoka nao amenuna. Baada ya hapo hakujaribu tena.

Jioni ile Bi. K. alitetemeka mikono na hakula. Ilibidi aelezwe kwamba hatia inayokuja baada ya kusema hapana si ushahidi kuwa amekosea. Kwa watu wepesi wa kuhisi hatia hiyo huwa kali, huja mwilini, na kwake ilikuwa ikipungua kufikia kesho yake mchana. Alipewa jambo moja la kufanya katika muda huo: asitume ujumbe wowote wa kufafanua mpaka alale na kuamka.

Kwa jirani mwenye sabufa matokeo yalikuwa nusu. Alimwendea mchana, kukiwa kimya, si usiku akiwa amechukia. "Mdogo wangu, muziki wako sina tatizo nao. Besi inapita ukutani, kitanda kinatetemeka. Tuisogeze tuone." Walihamisha sabufa kutoka ukuta wa pamoja hadi upande wa dirisha, wakaiweka juu ya kipande cha godoro badala ya sakafu. Mtetemo ulipungua waziwazi. Saa za kuzima hawakufikia makubaliano. Wikiendi muziki hupigwa hadi usiku wa manane. Alihamisha kitanda ukuta wa pili na kununua vizibo vya masikio. Wazo la kwenda kwa mjumbe lilijadiliwa na kuachwa, kwa kuwa kijana alikuwa ameonyesha nia njema na nyumba ni moja.

Matokeo

Baada ya miezi mitatu alikuwa akilala kabla ya saa tano usiku, na kichwa kilichokuwa kikiuma karibu kila siku kiliuma mara moja au mbili kwa wiki. Wateja wawili wa siku nyingi walihama wakisema fundi amekuwa na masharti. Nguo alizopokea zilipungua kidogo, na zile za kufumua na kurudia zikapungua zaidi. Wifi na yeye wanasalimiana vizuri, lakini wifi hakai tena kupiga soga kama zamani, na hilo bado linamuuma. Mama mkwe alitulia alipoona wajukuu wanaingia kila Jumamosi na kutoka wameshiba.

Ramadhani iliyofuata alitangaza tangu Rajabu kwamba vitambaa vya Idi vitapokelewa hadi mwezi 15 Ramadhani. Tarehe 17 alipokea cha mteja mmoja aliyekuwa analia, mbele ya watu waliokaa benchini. Kufikia magharibi walikuja watatu: "Mbona cha fulani umepokea?" Aliwapokea wote, na siku tatu za mwisho alishona hadi alfajiri. Hakufoka, lakini aliugua siku ya Idi.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni wakati, kuliko ufundi wa maneno. Sentensi zilezile zilizofanya kazi saa tatu asubuhi zisingetoka saa kumi na moja jioni. Anayemshauri mtu wa aina hii atafute kwanza dalili ya mwanzo kabisa ya mwili, na iwe ya kazi yake mwenyewe: kwa mwalimu huenda ni kuandika tarehe vibaya ubaoni, kwa mpishi kusahau kama ametia chumvi. Akishaiona, asitafakari, atoke nje dakika kumi, anywe maji, akae pasipo na mtu.

Kilichosaidia cha pili ni mipaka kuwekwa juu ya saa, mahali na vitu badala ya juu ya watu. "Saa nane hadi tisa na nusu" haimkatai mtu yeyote. "Usije" humkataa. Palipokuwa na udugu ndani yake, mpaka ulisimama pale tu ulipokuja na kitu mkononi, yaani Jumamosi kwa wifi na simu ya kila siku kwa mama, na kitu hicho kikatolewa kweli. Kama Bi. K. angekosa Jumamosi mbili mfululizo, yote yangeanguka.

Ruhusa za dharura ndizo zilizobaki dhaifu. Kwa wifi dharura ilikuwa na utaratibu wake, kabla ya saa moja asubuhi, na ilishika. Kwa wateja haikuwa na utaratibu, kwa hiyo kila chozi likawa dharura, na mtu mwepesi wa kuhisi hawezi kupima chozi akiwa analiangalia. Safari hii ameandika mapema: baada ya tarehe 15 zitapokelewa nguo za msiba tu, na anayepokea vitambaa siku hizo ni binti anayemsaidia, yeye akiwa ndani kwenye meza ya kukatia.

Sherehe hazikuguswa katika mpango huu, na wiki ijayo ana harusi ya upande wa mume. Amekubaliana na mumewe wafike mapema kabla muziki haujapanda, akae karibu na mlango mbali na spika, amsalimie mama mkwe na kila mkubwa kwa zamu, atoe mchango wake mkononi kwa mhusika, na baada ya saa moja na nusu mume ndiye atakayeaga kwa niaba ya wote wawili.